Njia za Majumba ya Maonyesho na Nyayo za Waliozipita

Hotuba kwa waongoza watalii na walimu wa sanaa za maonyesho

Waheshimiwa viongozi wa idara za utamaduni na utalii, walimu wangu, waongoza watalii wenzangu, mabibi na mabwana:

Mmeniomba nizungumzie njia za utalii wa utamaduni zinazounganisha majumba ya kale ya maonyesho, na nimekubali kwa furaha. Jambo hili nimelibeba moyoni tangu siku niliyoshuka chini ya jukwaa la jumba la Drottningholm, nje kidogo ya Stockholm nchini Sweden, nikahisi kana kwamba nimeingia tumboni mwa jahazi. Palikuwa na kamba nene za katani zilizopitishwa katika roda za mbao, palikuwa na magogo ya kukazia kamba hizo, na katikati ulisimama mhimili mkubwa wenye mikono, mfano wa ule unaozungushwa na mabaharia wanapong'oa nanga. Babu yangu alikuwa nahodha, na utotoni nilijua kamba ya henza ni ipi na kamba ya demani ni ipi kabla sijajua kusoma. Mwenyeji wetu alipoanza kutueleza kamba ipi inavuta nini, mimi nilikwisha kuifuata kwa macho hadi mwisho wake, kwa maana mantiki ya kamba ni ile ile, iwe inapandisha tanga au inashusha wingu lililochorwa kwenye kitambaa.

Naomba mniruhusu nikae kidogo hapo chini ya jukwaa kabla hatujapanda juu, kwa sababu mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgeni anayeishia kuketi kwenye kiti na kupiga picha za dari hajaliona jumba.

Jukwaa la namna hii lina viambaza vilivyopakwa rangi, viwiliviwili, vilivyopangwa kulia na kushoto kuelekea nyuma ili macho ya mtazamaji yavutwe mbali kama yanayotazama barabara ndefu. Kila kiambaza kimesimamishwa juu ya kigari kidogo kilicho chini ya sakafu, na vigari vyote vimefungwa kwa kamba kwenye mhimili mmoja. Watu wakiuzungusha mhimili huo, viambaza vya msituni vinarudi pembeni kwa pamoja huku vya kasri vikijitokeza, na mabadiliko yote hutokea mbele ya watazamaji katika sekunde chache, bila pazia kufungwa. Utaratibu huu ulipata sura yake kamili Venice katika miaka ya 1640, mikononi mwa Giacomo Torelli, na hainishangazi hata kidogo kwamba ulipatia sura hiyo katika mji wa mabaharia. Pembeni kuna parafujo ndefu za mbao zilizopindwa na kupakwa buluu, ambazo zikizungushwa taratibu huonekana kuwa mawimbi ya bahari. Juu kuna sanduku refu la mbao lenye mawe ndani yake, ambalo likiinamishwa huku na huku hutoa ngurumo za radi. Niliisikia radi ile nikiwa nimeketi gizani pamoja na wageni wengine, na ilinitikisa kifuani kuliko radi yoyote ya kipaza sauti niliyowahi kuisikia ukumbini.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1766. Lilichukua nafasi ya jumba jingine lililoteketea kwa moto mwaka 1762. Msanifu wake alikuwa Carl Fredrik Adelcrantz, na mitambo yake ilitengenezwa na Mwitaliano aliyeitwa Donato Stopani. Aliyeamuru lijengwe alikuwa Malkia Lovisa Ulrika. Nawaomba mlishike jina la malkia huyu, kwa kuwa kwake ndiko ninakoianzia hoja yangu.

Lovisa Ulrika hakuwa Mswidi. Alikuwa binti wa mfalme wa Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, na alizaliwa katika nyumba ambayo baba aliwapenda askari kuliko wasanii. Kaka yake alikuwa Friedrich, ambaye mara tu baada ya kurithi ufalme alijenga jumba la opera mjini Berlin, likafunguliwa mwaka 1742, na baadaye akajenga ukumbi wa maonyesho ndani ya kasri lake jipya la Potsdam. Dada yao mkubwa, Wilhelmine, aliolewa Bayreuth, mji mdogo wa kusini. Huko alitunga opera yeye mwenyewe, na huko ndiko likasimama jumba la opera ambalo leo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Jumba hilo la Bayreuth lilizinduliwa mwaka 1748 katika sherehe za harusi ya binti pekee wa Wilhelmine, na bwana harusi alikuwa Carl Eugen, mtawala kijana wa Württemberg. Miaka kumi baadaye, mwaka 1758, huyu bwana harusi alikuwa na jukwaa lake katika kasri la Ludwigsburg, nalo hadi sasa lina mitambo yake ya mbao. Na Gustav wa Tatu, mtoto wa Lovisa Ulrika, alipokuwa mfalme wa Sweden alijenga ukumbi mwingine mdogo ndani ya mnara wa ngome ya Gripsholm.

Hebu tuhesabu. Berlin, Potsdam, Bayreuth, Ludwigsburg, Drottningholm na Gripsholm: ndugu watatu, mkwe mmoja na mpwa mmoja. Mtu akiitazama ramani ya watalii ataona vitone vilivyotawanyika katika nchi mbili, Ujerumani na Sweden, zilizotenganishwa na bahari, na atajiuliza kuna uhusiano gani baina ya kitone hiki na kile. Akizijua nasaba, ataona familia moja iliyokuwa ikiandikiana barua, ikishindana na ikiigana. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili, kwani tukimwona mtu tunamuuliza kwanza ni wa nani, na tukishajua ni wa nani, hatuna haja ya kuuliza amefikaje.

Njia ya utalii inayostahili kuitwa njia ni ile iliyowahi kupitwa na watu wenye shughuli zao kabla ya watalii kuja. Mimi na ninyi tunayo kazi ya kuitafuta na kuisafisha. Nimeona vijitabu vingi vya matangazo vinavyoviita njia vitu ambavyo kwa kweli ni orodha tu, mahali kumi ambapo hakuna mtu aliyewahi kutoka pa kwanza kwenda pa pili kwa sababu yoyote ile isipokuwa kwamba wizara au kampuni fulani imevipanga hivyo. Mgeni huchoka haraka na orodha. Jumba la tatu linamfanania na la pili, la nne anaingia kwa adabu tu, na la tano anaomba abaki kwenye basi.

Mafundi nao wana nasaba yao. Jumba la Bayreuth lilichorwa na Giuseppe Galli Bibiena, mtu wa ukoo wa wasanifu wa majukwaa ambao kazi yao ilikuwa ya kurithishana, baba kwa mwana na ami kwa mpwa, kama ilivyokuwa kwetu kwa mafundi wa kunakshi milango au waunda majahazi. Walisafiri kila palipokuwa na mtawala mwenye fedha na hamu ya sherehe. Antonio, ndugu wa Giuseppe, ndiye aliyejenga ukumbi wa akademia ya Mantua, nchini Italia, uliofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1769. Tarehe 16 Januari 1770, wiki chache tu baadaye, aliingia humo mvulana wa miaka 13 kutoka Salzburg, akiwa safarini na baba yake, akapiga muziki mbele ya watu wa mji ule. Mvulana huyo alikuwa Mozart, mtunzi mashuhuri wa muziki. Anayetoka Bayreuth kwenda Mantua kwa sababu hiyo anafuata familia iliyoishi kwa kamba, rangi na turubai, na haoni tena majengo mawili yasiyohusiana.

Bayreuth kwenyewe kuna mfano wa jumba kuzaa jumba. Karne moja na zaidi baada ya harusi ile, Richard Wagner, mtunzi wa opera, alivutiwa kuja mjini humo kwa sababu alisikia kwamba jumba la opera la Wilhelmine lina jukwaa lenye kina kikubwa. Alipolitazama aliona halimfai kwa kazi zake, lakini mji ulimpendeza, na tarehe 22 Mei 1872, siku lilipowekwa jiwe la msingi la jumba lake jipya, aliongoza Simfonia ya Tisa ya Beethoven ndani ya lile la zamani. Jumba lake likafunguliwa mwaka 1876. Yote mawili yamo katika mji mmoja hadi leo, na mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuyatembelea kwa siku moja.

Sasa nizungumzie namna kazi hii ilivyopangwa huko Ulaya, na sitakawia hapa. Baraza la Ulaya lilianzisha mpango wake wa njia za utamaduni mwaka 1987 kwa barabara ya kale ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, na moja ya masharti yake ni kwamba mada ya njia iwe inashirikisha nchi zisizopungua tatu. Kwa upande wa majumba ya maonyesho, wenyewe wanaoyatunza walijiunga katika chama kiitwacho PERSPECTIV mwaka 2003, na mwaka 2007 wakaanza kuchora Njia ya Ulaya ya Majumba ya Kihistoria ya Maonyesho. Waliigawa katika njia ndogo ndogo, kama vile ya Ujerumani, ya nchi za kaskazini, ya Italia, na ya pande mbili za mlango wa bahari wa Uingereza. Kinachonivutia katika mpango huo ni kwamba walioanza ni watunza majumba, watu waliokuwa na shida zinazofanana: paa linalovuja, kamba zinazooza, zimamoto anayedai mlango wa dharura mahali ambapo ukuta hauwezi kutobolewa. Walikutana kwanza ili waulizane wenzao wamefanyaje, na wageni wakaja baadaye. Nadhani utaratibu huo ndio uliowapa nguvu.

Shida kubwa kuliko zote ilikuwa moto. Majumba haya yalijengwa kwa mbao, yakajazwa turubai zilizopakwa rangi, kisha yakaangaziwa kwa mamia ya mishumaa na taa za mafuta. Jukwaa la Shakespeare kandokando ya mto Thames liliungua mwaka 1613, pale mzinga uliopigwa kwa ajili ya onyesho uliporusha cheche kwenye paa la nyasi. Gesi ilipokuja katika karne ya 19 hali ikawa mbaya zaidi. Tarehe 8 Desemba 1881 jumba la Ringtheater mjini Vienna liliteketea na watu wasiopungua 384 wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo serikali mbalimbali zilikaza sheria, zikataka mapazia ya chuma na njia pana za kutokea, na majumba mengi ya mbao ambayo hayakuweza kutimiza masharti yalifungwa au kuvunjwa. Hata katika wakati wetu huu, mwaka 1996, jumba la La Fenice la Venice lilichomwa kwa makusudi, na likarudi kufunguliwa mwaka 2003.

Ndiyo maana majumba yaliyobaki ni machache, na mengi kati ya hayo yameokolewa na jambo lisilotarajiwa, yaani kusahauliwa. Drottningholm ni ushahidi wa wazi. Mfalme Gustav wa Tatu alipigwa risasi katika dansi ya vinyago mwezi Machi 1792, akafa siku chache baadaye, na jumba la mama yake likafungwa likawa ghala. Hakuna aliyeona haja ya kuleta taa za gesi, hakuna aliyebomoa mitambo ili aweke mipya. Mwaka 1921 mtafiti mmoja, Agne Beijer, aliingia humo akitafuta mchoro, akakuta vumbi, na chini ya vumbi akakuta viambaza vya mandhari vya karne ya 18 vikiwa bado vimesimama. Walibadilisha kamba, wakatia taa ndogo za umeme mahali pa mishumaa, na mwaka 1922 jukwaa likafanya kazi tena. Jumba la ngome ya Český Krumlov, katika Jamhuri ya Czech, lilibaki na mitambo yake, mandhari yake na hata mavazi yake kwa njia inayofanana na hiyo. Huko Richmond, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, ukumbi uliojengwa mwaka 1788 ulifungwa mwaka 1848, ukatumika kwa minada na kuhifadhia mvinyo, na haukupata waigizaji tena mpaka mwaka 1963.

Lakini nawasihi msije mkafanya kusahauliwa kuwa sera ya uhifadhi. Kwa kila jumba moja lililookolewa na vumbi, mengine mengi yaliyosahauliwa yaliangukiwa na paa.

Hapa tunafika penye ugumu wenyewe, na nitasema kwa uwazi kwa kuwa naliona jambo hili likipuuzwa katika mikutano yetu ya utalii. Jumba la maonyesho lisipotumika hufa. Likitumika sana pia hufa. Katika mji wa Vicenza, nchini Italia, kuna Teatro Olimpico, lililobuniwa na Andrea Palladio mwaka 1580, ambaye alifariki miezi michache baada ya kazi kuanza. Vincenzo Scamozzi ndiye aliyekamilisha, akajenga nyuma ya jukwaa mitaa ya mji wa Thebes kwa mbao na lipu, mifupi mno kwa kipimo lakini mirefu machoni, kwa ajili ya tamthilia ya Sofokle iliyozindua jumba tarehe 3 Machi 1585. Mitaa hiyo ilikusudiwa onyesho lile tu, na iko pale mpaka leo. Ndani hakuna mitambo ya kupasha joto wala ya kupoza hewa, kwa sababu ingezikausha na kuzipasua mbao, na kwa hiyo maonyesho hufanywa majira ya kuchipua na ya vuli pekee, kwa watazamaji wasiozidi 400. Pumzi ya binadamu yenyewe ni unyevu. Watalii wa mabasi mawili wakiingia kwa pamoja wakiwa wamelowa mvua ni jambo la kumkosesha mtunzaji usingizi. Jumba la Bayreuth nalo lilifungwa kwa miaka kadhaa ili litengenezwe, kwa gharama ya karibu euro milioni 30, na lilipofunguliwa tena mwaka 2018 halikurudishwa kwenye ratiba ya maonyesho ya kila siku.

Njia nzuri husaidia hapo. Mgeni aliyeiona Vicenza anaweza kuelekezwa Sabbioneta, mji mdogo ambamo Scamozzi yule yule alijenga ukumbi kati ya mwaka 1588 na 1590, safari hii akianza kwenye kiwanja kitupu na kujenga jumba zima kwa ajili ya maonyesho. Kutoka hapo anaweza kwenda Parma, kuliko na Teatro Farnese, ukumbi mkubwa wa mbao uliozinduliwa mwaka 1628 kwa harusi ya watawala na kufurika maji kwa makusudi ili viigizwe vita vya majini. Jumba hilo lilibomolewa na mabomu mwezi Mei 1944 na kujengwa tena baada ya vita kwa kufuata michoro ya zamani. Mzigo unagawanyika. Vicenza inapumua, na Sabbioneta, ambayo peke yake isingemvuta mtu kutoka mbali, inapata mgeni anayejua amekuja kutazama nini.

Miji midogo ndiyo inayonigusa zaidi. Katika jimbo la Marche, mashariki ya Italia, karne ya 19 ilikuta majumba ya maonyesho zaidi ya 100, na takriban 70 yamesalia, mengi yakiwa katika miji ambayo kwetu tungeiita vijiji vikubwa. Hayakujengwa na wafalme. Familia za mji zilichangishana, kila moja ikamiliki chumba chake kidogo cha kutazamia katika zile ghorofa zinazouzunguka ukumbi, na jumba likawa mali ya ushirika. Jirani zao wa Umbria, huko Monte Castello di Vibio, wana ukumbi wa mwaka 1808 wenye viti 99 tu. Tazameni pia Almagro, mji wa Hispania wenye watu wasiofika 10,000. Ua wa maonyesho uliojengwa humo mwaka 1628 ulikuwa umegeuzwa nyumba ya wageni, na jukwaa likafichwa nyuma ya kuta, hadi lilipogunduliwa katika miaka ya 1950. Tangu mwaka 1978 kuna tamasha kila Julai, na mji mzima hupanga mwaka wake kwa kulitazama tamasha hilo. Mwokaji anajua, mwenye vyumba vya kupangisha anajua, mtoto wa shule anajua.

Nilifika katika mji mmoja wa namna hiyo mchana wa jua kali, na ratiba iliyoandikwa mlangoni ilisema jumba liko wazi. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilisimama kama saa nzima, hata mama mmoja muuza mboga akaniuliza ninamsubiri nani. Nilipomwambia, alifuta mikono, akaingia ndani ya duka lake, akatoka na ufunguo mrefu kama kiganja. Alinifungulia, akaniongoza gizani, akawasha taa, akanionyesha chumba cha kutazamia kilichokuwa cha babu wa babu yake. Hakujua mwaka wa ujenzi. Alijua msumari gani huwa unachana nguo, alijua ubao upi wa sakafu unalia, na alijua nani alilia siku jumba lilipofunguliwa tena. Ndugu zangu waongoza watalii, nimepita mikononi mwa waongozaji wengi waliokariri miaka na majina bila kukosea, na nawaheshimu, lakini njia ya majumba ya maonyesho ikikosa watu kama mama yule itabaki kuwa karatasi. Ratiba ile mbovu pia ni funzo. Kabla ya kuchapisha kijitabu chenye picha za rangi, hakikisheni kila ufunguo una mtu, na kila mtu ana simu inayopokelewa.

Jambo jingine ninalolishikilia ni kwamba mgeni asikie jukwaa likifanya kazi. Jumba la Drottningholm likiwa kimya ni zuri, lakini ni pale mhimili unapozungushwa ndipo utajua kwa nini watu walihangaika kulijenga. Si lazima liwe onyesho kamili la saa tatu, ambalo ni ghali na linachosha mbao. Mwimbaji mmoja, mshumaa wa umeme mmoja, na mabadiliko ya mandhari mara moja tu vinatosha. Na pale ambapo mitambo ya asili haifai kuguswa, kama ilivyo mahali pengi, litengenezwe jukwaa dogo la mfano ambalo watoto wanaweza kuvuta kamba zake wenyewe.

Je, sisi tumo wapi katika njia hizi? Kiswahili kimekwisha kupita humo. Jukwaa la Shakespeare lililojengwa upya London, karibu na mahali pa lile lililoungua, lilifunguliwa mwaka 1997 likiwa na paa la nyasi, la kwanza kuruhusiwa mjini humo tangu moto mkubwa wa mwaka 1666. Mwaka 2012 liliandaa tamasha la tamthilia zote za Shakespeare, kila moja kwa lugha yake, na Kiswahili kilikuwamo. Waigizaji kutoka Nairobi walisimama juu ya mbao zile wakawachekesha watu wa London kwa Kiswahili. Mwongozaji yeyote anayempeleka Mswahili mahali hapo amwonyeshe walipokuwa wamesimama.

Na nyumbani? Nairobi kuna Jumba la Taifa la Maonyesho la mwaka 1952, Kampala kuna la mwaka 1959, na Bagamoyo kuna jukwaa la chuo cha sanaa ambalo nalo limeonja moto na kujengwa upya. Mtu anaweza kuchukua rula kesho asubuhi akaunganisha vitone hivi, akaiita njia. Mimi ninaomba tusifanye haraka hiyo. Majumba yetu hayana nasaba ya malkia, lakini yana nasaba ya vikundi vya wasanii. Katikati ya miaka ya 1960 wanafunzi na walimu wa Makerere walianzisha jumba la maonyesho la kusafiri, wakazunguka Uganda na Kenya wakiigiza bila kiingilio, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, katika kumbi, viwanja vya shule na masoko. Hiyo ni njia halisi, yenye vituo halisi, na haijachorwa kwenye ramani yoyote ya utalii. Palipokuwa na kituo pana mti, au ukumbi wa halmashauri, au shule ambayo bado ipo, na pana mzee aliyekuwa mtoto akitazama kutoka mabegani mwa baba yake.

Naiomba idara iweke fedha kidogo, kabla ya fedha za mabango na tovuti, kwa ajili ya vijana wawili au watatu wenye vinasa sauti na subira. Wawatafute waliosafiri na vikundi vya namna ile, wa Makerere na wa vyuo vingine, wa taarabu na wa ngonjera, wawaulize walilala wapi, walipakia nini, nani alishona mavazi, taa zilitoka wapi, na ni mji gani uliwaomba warudi. Wengi wametangulia mbele ya haki. Baadhi bado wako nasi, na wawili wao nawaona wameketi safu ya pili humu ukumbini, upande wa dirisha. Mimi nimesema ya kutosha, na muda uliobaki ni wao. Naomba kipaza sauti kipelekwe pale.